Kitenge Juu ya Kompyuta

Nilipostaafu ualimu Newala, Mungu alinipa kazi nyingine Masasi, katika ofisi ndogo ya upimaji ardhi. Mwenye ofisi nilimfundisha darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu: nani kapimiwa shamba, wapi, na mipaka inapita wapi, na siku za kupima kushika fimbo shambani. Jumatatu nilishuka na basi, Ijumaa nikapanda kurudi Newala, kwenye ubaridi wangu wa mlimani. Nilishukuru. Wazee wengi wa umri wangu hakuna anayewauliza kitu.

Mchwa walipoanza kula madaftari ya shambani, vipimo vyote viliingizwa kwenye kompyuta, madaftari tukayachoma. Ndipo akaja fundi wa kompyuta kutoka Mtwara kutushauri namna ya kuweka nakala ya akiba. Aliweka vitu viwili mezani. Kimoja ni diski, kisanduku cheusi cha kuchomekwa kwenye kompyuta kikae hapo hapo, kinakili chenyewe kila siku. Kingine ni mashine ya tepu, inayonakili kumbukumbu kwenye utepe, iliyokwisha kutumika ofisi nyingine, na tepu zake nne.

"Tepu ni ya polepole," fundi alisema, "na inataka mtu. Kila Ijumaa unaitoa, unaipeleka mbali na ofisi. Mwalimu anakaa Newala, apande nayo."

Mwenye ofisi akanigeukia. "Mwalimu, unasemaje?"

Nikasema tepu naijua. Kanisani kwetu mashine ilitafuna kaseti ya kwaya siku ya Pasaka, tukabaki kuuvuta utepe kama tunatoa matumbo ya kuku.

"Hii siyo ile ya kwaya, Mzee."

"Unasema hivyo kwa sababu si wewe utakayeipakata kwenye basi."

Tulicheka wote, na diski ikanunuliwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuisahau tepu njiani, maana nilikuwa nimeanza kusahau vitu. Hilo sikulisema. Nilisema kaseti.

Mvua za kwanza zilikuja na radi. Alasiri moja ya Ijumaa nilikuwa peke yangu, mwenye ofisi kaenda kwa mteja Tandahimba. Umeme ukakatika. Nikafanya kama alivyofanya mama yangu kila radi ilipoanza: yeye alifunika kioo cha ukutani kwa kanga, mimi nikafunika kompyuta kwa kitenge, pamoja na diski iliyokuwa ubavuni mwake. Nikasali. Nyaya sikuzichomoa. Umeme umekatika, niliwaza, kuna nini tena cha kuchomoa? Nikafunga mlango, nikawahi basi.

Jumatatu chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Kitenge hakikuwa na hata alama.

Fundi alikuja, akafungua kompyuta, akafungua diski, akavikagua siku nzima. "Radi imepita kwenye nyaya, vimekwenda pamoja, Mzee," alisema. Habari za tepu hakuzigusa. Heri angezigusa.

Wiki ya pili akaja mjane kutoka Mkunya. Mumewe tulimpimia shamba la korosho, na ramani alisema ataifuata msimu ukiisha. Alifariki kabla. Sasa shemeji yake huyu mama alikuwa ameng'oa mikonge ya mpakani na kupanda miche yake ndani, na baraza la ardhi lilitaka vipimo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimefuata karatasi yetu."

Nilimweleza. Akainyooshea kidole kompyuta. "Si mlisema humo havipotei?"

"Tulisema."

"Na wale wazee wawili waliotuonyesha mpaka tumeshawazika." Akafunga vizuri kanga yake. "Basi umebaki wewe. Wewe ndiye uliyeshika fimbo ya kupimia mpakani, mwenye ofisi alibaki mbali na mashine yake."

Siku ya baraza tulikwenda hadi shambani. Niliapa kwa Biblia. Mwenyekiti akanisimamisha kwenye mkorosho mmoja mkubwa, akauliza mpaka ulipita upande gani, kulia au kushoto. Nilimkumbuka marehemu mwenyewe, kofia yake, uji alioagiza tuletewe, namna alivyotutania kwamba tunapima kama tunatafuta sindano. Mti sikuukumbuka. Mikorosho pale imefanana, safu kwa safu.

"Mwalimu mwenyewe kasahau," shemeji alisema. "Mnataka nani tena?"

Mjane alinitazama. Neno moja lingetosha. Miaka yote ile niliwafundisha watoto wa watu wasimshuhudie jirani uongo, na mkono wangu ulikuwa umetoka kwenye Kitabu sasa hivi.

"Sikumbuki," nikasema.

Baraza likaiacha miche ilipo.

Baadaye mjane alinichotea maji kutoka kwenye kisima chake cha maji ya mvua, akasimama huku nikinywa.

"Ungesema tu kulia."

"Nimeapa, mama."

"Najua." Akapokea kikombe. "Najua, Mwalimu."

Tangu hapo kila asubuhi namtaja katika sala, yeye na watoto wake, na namshukuru Mungu kwamba hajanichukia, maana sina kingine cha kumpa. Nikipita Mkunya ananiamkia kwa heshima ile ile, nami naitikia marahaba. Miche ya shemeji imefika begani. Mara ya mwisho nilimkuta mjane akipalilia. Alifika miche ile ilipoanzia, akasimama kidogo, akageuza jembe kurudi upande wake.