Wale Waliosema Tunapiga Kelele

Mtu wa kwanza kutuponda hakujua kwamba anazungumza na mmoja wetu. Alikuwa mkaanga bajia pale sokoni Palma, na simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, inapiga wimbo wetu. Nilisimama mbele ya karai nikisubiri bajia ziive. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba hawa wanawake wawili wanapiga kelele tu, kwamba kuchana mistari ni kazi ya vijana wenye pumzi, na kwamba mwanamke akishazaa sauti yake ni ya kubembelezea mtoto. Nikamuuliza mbona basi anausikiliza. Akasema ametumiwa na mteja, na alikuwa akiurudia ili aone kama ubaya wake utapungua.

Nilichukua bajia zangu nikaondoka. Njiani nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikakasirika tena.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Quionga, nikaolewa Palma, na ninashona kapulana, vile vitenge vya kwetu, na sare za shule kwenye baraza ya wakwe zangu. Mwenzangu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye Kireno anakisema kama alizaliwa nacho. Mimi ninacho cha kununulia nyuzi na kujibia askari barabarani. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi walidai kwamba tunachana kwa Kiswahili chetu cha pwani kwa kuwa hatujui lugha nyingine. Wifi yangu angeweza kuwachania Kireno mpaka wakaomba maji. Hakutaka.

Tulianzia Pemba, ule mji wa kusini mwetu na si kile kisiwa, mwaka ule tulipokimbia vita. Tulikuwa familia nne kwenye ua mmoja wa jamaa, na kila asubuhi kazi yetu sisi wawili ilikuwa foleni: ya maji, halafu ya kuandikishwa kwa ajili ya msaada. Waandikishaji walibadilika, na kila mmoja alikuja na karatasi mpya, akauliza jina, jina la baba, kijiji, idadi ya watoto, kana kwamba wale waliomtangulia walikwenda kuzitupa karatasi zao baharini. Siku moja, jua likiwa utosini, wifi yangu akaanza kuyajibu maswali yale kwa mdundo huku akipiga ndoo kwa kiganja. Nikadakia. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wengine wakacheka, wengine wakatuomba tunyamaze tusije tukafutwa. Kwa hiyo tangu siku ile tulikuwa na wapenzi na wapinzani kwenye foleni moja.

Tuliporudi Palma mistari ile ilikuwa imeshakuwa wimbo. Fundi simu wa mtaani kwetu alikuwa na kompyuta na kipaza sauti kimoja. Alitundika godoro mlangoni ili mlio wa pikipiki usiingie, akatutengenezea mdundo, nasi tukachana tukiwa tumebanana kama dagaa. Kibwagizo chake kilikuwa hiki:

Niandike tena, kalamu bado haijachoka,
jina langu ni lilelile, paa ndilo limeondoka.

Hatukuupeleka redioni. Ulitoka kwa simu hadi simu, ukafika Quionga, ukafika Pundanhar kwenye mashamba, ukavuka mto Rovuma. Maneno yakaanza kurudi. Wafanyabiashara waliotoka upande wa Tanzania walisema mdundo ni mzuri ila Kiswahili chetu kimechanganyika, mara Kimwani, mara Kireno, na kwamba tungekaa nao wiki moja wakatunyoosha. Vijana waliosoma walisema tunajifungia wenyewe. Wimbo wa Kiswahili Maputo nani atauelewa? Mke wa jirani yetu, mtu wa dini na mwenye heshima, alikuja na sahani ya vitumbua akaniambia kwa upole kwamba sauti ya mwanamke isizagae. Wauza samaki wa ufukweni, kinyume chake, walikuwa wakituita kwa kibwagizo. Nikipita tu, mmoja anasema "Niandike tena," na wenzake wanamalizia huku wakipaa samaki.

Nilipokea yote. Nilichoshindwa kupokea ni neno la mama yangu.

Mama alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma ya tufo kule Quionga kwa miaka mingi. Wanawake ishirini wamekaa safu mbili, kapulana za namna moja, nyuso zimepakwa msiro, ule unga mweupe wa mti, mabega yanakwenda pamoja. Na yeye mbele ndiye anayeanzisha. Yeye muziki anaujua. Nilimpelekea wimbo wetu mwenyewe, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Mnasema kama mnafukuzwa," alisema.

"Tulifukuzwa kweli, mama."

"Najua. Nilikuwepo. Lakini anayefukuzwa hasikiki anachosema. Mnataka msikike, au mnataka mwonekane mna haraka?"

Nilirudi Palma nimenuna, na kwa siku kadhaa nilishona sare za watoto kwa kukanyaga pedali kwa hasira, sindano mbili zikavunjika.

Desemba, shule zikifungwa na joto likipanda, kulikuwa na tamasha ufukweni. Hufanywa mchana, kwa sababu siku hizi hakuna anayetaka umati ukusanyike giza likiingia. Huletwa jukwaa la mabomba, spika kubwa, wasanii kutoka Pemba na wengine kutoka mbali zaidi, na wageni waheshimiwa hukalishwa mbele kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Mwandalizi alikuja barazani kwangu akiwa na miwani ya jua kichwani. Alisema wimbo wetu unapendwa na anatupa nafasi baada ya alasiri. Masharti yalikuwa matatu. Wimbo upigwe kutoka kwenye kompyuta na sisi tuchezeshe midomo tu, kwa sababu hana muda wa kurekebisha sauti. Kibwagizo kiwe cha Kireno. Na ile beti ya waandikishaji iondolewe, kwa kuwa baadhi ya waheshimiwa wamewahi kufanya kazi hizo na si adabu kuwaita watu kwenye sherehe ukawachoma.

Nikakubali. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa sijawahi kusimama juu ya jukwaa, na nilitaka kusimama. Wifi yangu hakuwepo. Nilimkubalia mwandalizi kwa niaba yake.

Aliporudi nikamweleza. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaniuliza kama beti iliyoondolewa niliitunga mimi au yeye. Nikasema tuliitunga sote. Akasema basi nimegawa nusu yake bila kumuuliza, na hiyo nusu nikaitafute. Hatukusemezana siku tatu. Kwenye nyumba moja siku tatu ni nyingi; mume wangu alikuwa akipeleka ujumbe wa chumvi na ujumbe wa ufunguo kati yetu, mpaka naye akachoka akatuambia tuamue kama sisi ni wasanii au ni watoto.

Mwishowe wifi yangu alikubali kurekodi kile kibwagizo cha Kireno. Alikiandika yeye, kwa dakika chache, bila furaha. Kilikuwa cha bahari, jua na kucheza. Fundi simu akasema ni kizuri, akauliza ni cha nani.

Siku ya tamasha joto lilikuwa la kupasua mawe. Tulivaa kapulana nilizozishona mwenyewe, tukapaka msiro usoni kama wanawake wa tufo. Mama alikuwa amekuja kutoka Quionga na wenzake sita. Niliwaona wamesimama pembeni mwa turubai, mikono kifuani. Kabla yetu walipanda vijana wawili kutoka mjini, wakachezesha midomo kwa ustadi, umati ukaruka nao. Nikajiambia ni rahisi hivyo.

Tukaitwa. Kompyuta ikaanza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, kubwa kuliko nyumba, nami nimesimama midomo ikienda na hakuna kinachotoka. Kilipofika kile kibwagizo cha Kireno nilimtazama wifi yangu. Alikuwa amefunga mdomo. Hakuwa anaigiza chochote. Alikuwa amesimama tu, akinitazama, huku sauti yake ikiimba habari za jua.

Nikamgeukia yule wa mitambo nikapitisha kiganja shingoni. Hakuelewa. Nikarudia. Akazima, na ufukwe mzima ukanyamaza kiasi cha kusikia turubai likipigwa na upepo. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti kilichokuwa kimezimwa, kwa hiyo nikakiweka chini. Nikaanza kwa mdomo wangu, bila mdundo, kwa Kiswahili: niandike tena. Na kwa kuwa hapakuwa na mdundo wa kunikimbiza, nilikwenda polepole. Wifi yangu akaingia kwenye beti ya waandikishaji. Tuliisema yote. Jina, jina la baba, kijiji, watoto wangapi, na huyu wa nne yuko wapi, na karatasi ya mwenzio umeiweka wapi.

Singependa kudanganya kwamba ufukwe ulitushangilia. Vijana wa nyuma walianza kuzomea wakitaka muziki, chupa tupu ya maji ikapita karibu na sikio langu, na wengine walikwenda zao kununua barafu. Lakini wauza samaki walikuwa wamejibana upande wa kushoto wa jukwaa, nao waliitikia kibwagizo kila kilipokuja, na waliokuwa karibu nao wakaitikia, wakiwamo watu nisiowajua ambao sura zao niliziona zikibadilika kwenye mstari wa paa. Kwenye viti vya plastiki mheshimiwa mmoja aliinuka akaondoka. Mwingine alibaki, akitazama viatu vyake. Mwandalizi alikuwa chini ya ngazi akituonyesha saa yake ya mkononi, nasi hatukuitazama.

Tuliposhuka alisema hatutaitwa tena. Wifi yangu akamjibu kwa Kireno kilichonyooka hata mwandalizi akaona haya: "Hukutuita sisi, bwana. Uliita mashine, na mashine ilikuja."

Mama alinisubiri nyuma ya spika. Aliniambia mdundo umekosekana, mabega yetu yalikuwa magumu kama mbao, na mwanzoni nilianza juu kuliko sauti yangu. "Lakini pale pa karatasi," akasema, "pale nilisikia kila neno." Kisha akaniambia niende nikanywe maji.

Mabishano hayakuisha siku ile. Ndiyo kwanza yalianza. Kwenye simu watu waligawanyika. Mmoja alisema tumeharibu sherehe ya watoto, mwingine akasema tumesema aliloshindwa kusema yeye. Mtu wa Pundanhar alituma sauti akituomba tusiutafsiri wimbo ule kwa mtu yeyote. Mwingine, asiyejitaja, alisema sisi ni wazee wasiojua kuzeeka. Januari wifi yangu aliitwa ofisini shuleni, akaulizwa kama mwalimu anapaswa kuwakebehi wakubwa. Alijibu kwamba alijibu maswali aliyoulizwa, tena kwa mara ya kumi. Mwezi uliofuata alipewa barua ya uhamisho kwenda Pundanhar. Barua ilisema ni mahitaji ya kazi. Njia ya huko mnaijua. Masika gari linaweza kulala matopeni siku mbili. Nilidhani atalia. Alikunja barua, akauliza nimshonee begi la turubai lisilopitisha maji.

Alikwenda, anafundisha. Jioni hupanda kwenye kichuguu cha mchwa nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao, akanitumia mistari. Mimi humjibu nikiwa kwenye cherehani. Tumeshatunga nyimbo tatu hivyo, na mmoja unahusu barabara.

Msimu wa joto uliofuata hatukuitwa, kama tulivyoahidiwa. Tukajiita. Mama alizungumza na mwenye shamba la minazi kule Quionga, fundi simu akaleta spika moja na betri ya gari, wifi yangu akafika akiwa na tope mpaka magotini. Tulianza baada ya alasiri. Kikundi cha tufo kilitangulia, halafu sisi. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, na nusu yao, naapa, walikuja kutupinga. Walitupinga vizuri: kwamba tunapenda kulalamika, kwamba Kireno kingetufikisha mbali, kwamba wifi yangu ana pumzi na mimi sina. Yule mke wa jirani mwenye vitumbua alikuwepo pia, amekaa nyuma kabisa, na hakuondoka.

Tulipomaliza wimbo wa barabara, mama mmoja wa palepale Quionga alisimama na kusema waziwazi kwamba huo wa pili ni mbaya, hauna kichwa wala miguu, na turudi kwenye ule wa kwanza. Watu wakacheka, wengine wakamtetea, wengine wakatutetea sisi.

Nikamwambia ana haki, wimbo ni mbaya. Kisha tukauimba tena.