Ekzosi ya Mwinjilisti Jonah

Bibi Syokau alikuwa amekataa kula. Chakula kilikuwepo, njaa ya mwaka wa themanini na nne ilikuwa imeshapita, na mkaza mwanawe, Nzilani, alimpikia muthokoi akauchemsha mpaka mahindi yakalainika kama uji. Alikataa kwa sababu mumewe hajafika. Katika boma lile la Matiliku hakuna aliyewahi kugusa chakula cha jioni kabla Mwinjilisti Jonah hajarudi kukiombea. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba. Shida ni kwamba Jonah alikuwa kaburini mwaka wa kumi sasa, na mama, macho yalikuwa yamemwisha na kumbukumbu ikayafuata.

"Mwaitu, baba alikufa," Muthama, mwanawe wa pekee, alimwambia mara ya kwanza. Mama alilia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile. Kesho yake kifo alikuwa amekisahau. Jioni akatega sikio upande wa mlima wa Nzaui, akasukuma sahani. "Pikipiki bado sijaisikia," akasema.

Majirani walisema mgonjwa haulizwi uji, mpeni tu. Wao hawakuwa wameona alivyofunga mdomo. Ilifika mahali Nzilani alipomwogesha, alihesabu mbavu bila kutaka.

Muthama alikuwa fundi wa magari huko Kiboko, barabara ya Mombasa, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Alijua pikipiki ilikokuwa. Ilikuwa kwenye kibanda cha mbuzi, BSA ya Kiingereza ambayo mzee Jonah aliachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliporudi kwao baada ya uhuru. Muthama aliirithi kwa kuwa hakukuwa na mrithi mwingine, si kwa kupewa. Zamani, alipoanza kunywa, baba yake alimzuia mlangoni: "Nyumba hii huingii na harufu hiyo." Na Muthama, kichwa kigumu kama aliyemzaa, hakuingia. Mzee akafa hawajasemezana. Pombe aliiacha siku ya mazishi, wakati aliyetakiwa kuliona jambo hilo alikuwa ameshafukiwa. Majuto ni mjukuu, na wake alimlea peke yake. Miaka yote hiyo pikipiki hakuigusa. Kuku walitagia kwenye kiti chake.

Sasa akaitoa. Nzilani hakupendezwa.

"Utamdanganya mama yako kwa chombo cha mtu wa Mungu?"

"Nitamlisha," Muthama akajibu. "Dhambi nitaibeba mimi."

Akaifungua yote na kuilaza juu ya magunia. Magneto ya kutoa cheche ilikuwa na kutu, kabureta ilikuwa na kiota cha nyigu, pistoni imekwama kabisa. Aliloweka vyuma katika mafuta ya taa, akavisugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka. Vipuri alitafutiwa na Njogu, muuza spea wa Kiboko aliyetoka Nyeri, ambaye hakukosa neno. "Nyinyi Wakamba Mungu aliwapa mbao mchonge," Njogu alisema. "Hii chuma hata wenyewe Wazungu walishaisahau." Muthama hakucheka. Nyumbani kulikuwa na mtu anayekauka.

Mwishoni akafika kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, akaona aibu. Mzee aliipasua kwenye mawe ya mto Thwake, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu, aliiziba kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, akakikaza kwa waya wa ua. Fundi gani huacha uchafu wa namna hiyo? Akaing'oa, akaitupa kwenye shimo la taka, akafunga nyingine nzima.

Jumamosi jioni aliisukuma hadi juu kwenye mwinuko, akapiga kiki. Ikawaka, ikanguruma laini, kama paka aliyeshiba. Akateremka kifua mbele. Kabla hajaizima akasikia ukemi ndani ya nyumba.

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, leso imemwanguka kichwani. "Nani amekufa?" alilia. "Semeni! Hiyo ni pikipiki ya serikali. Nani amekufa?"

Hapo Muthama akakumbuka. Mzee alianguka akihubiri Kwa Vonza, moyo ukasimama, na aliyeleta habari alikuwa askari juu ya pikipiki mpya inayonguruma hivyo hivyo. Mama alijua kabla askari hajavua kofia. Sasa mwanawe alikuwa amemrudishia saa ile. Alimshika mama mpaka akatulia, akijichukia. Alikuwa ametengeneza kila kitu, hata kile ambacho hakikuharibika.

Jumapili, kutoka kanisani, alishuka ndani ya shimo la taka na suti yake. Akaipata ekzosi ya mzee chini ya majivu na maganda. Akaifunga mahali pake, kopo juu ya ufa, waya juu ya alama za waya. Jua lilipoinama akapanda tena juu. Mara hii pikipiki ilikohoa, bati likalialia, na kelele zake zikatangulia bondeni.

Alipofika uani alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. "Nzilani! Teleka maji ya chai. Baba Muthama huyo anateremka."

Akaingia. Mama alinyoosha mkono, akapapasa koti lenye harufu ya petroli. "Leo umechelewa," akamwambia. Muthama akakaa kwenye kiti cha mzee. Kwa kuwa hakuna ambaye angekiombea chakula ila yeye, akakiombea, kwa maneno ya baba yake. Mama akasema amina, akala. Nzilani aligeukia ukutani akilia kwa furaha.

Katikati ya sahani mkono wa mama ukasimama.

"Ulipitia Kiboko?"

"Nilipitia."

"Kila siku unaniambia umesimama ng'ambo ya barabara ukamtazama akifanya kazi. Mtoto hatazamwi kutoka barabarani, baba Muthama. Leo ulimwambia arudi nyumbani?"

Muthama hakuwahi kujua kwamba mzee alikuwa akisimama pale.

"Nimemwambia," akasema. "Amekubali. Amerudi."

"Mbona basi hajaja kunisalimia?"

Mama akapapasa mezani, akapata sahani tupu, akaufunika kwayo muthokoi uliobaki.

"Hiki ni cha Muthama," alisema. "Asikiguse mtu mpaka aje."

Nzilani akakiweka kando ya moto kisipoe, na Muthama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, akakaa akikitazama.