Punje Nne za Mchele

Jirani yangu hapa Quionga, mshona nguo, hafungui makopo yake ya majarini bila kubana pumzi. Ndani mna mkaa uliolowa maji, na juu yake wanarukaruka wadudu weupe, wadogo kuliko chembe ya chumvi; pumzi tu huwapeperusha. Anawafuga ili wale ukungu kwenye mimea aliyoiotesha ndani ya chupa. Huwalisha punje nne za mchele, moja moja, kwa vidole vilivyojaa alama za sindano. Mimi, ninayepakana naye ukuta, sijaruhusiwa hata kushika kifuniko. Juzi brigada ya kupuliza dawa ya mbu ilipotuamuru tutoe vyombo nje, alitoa makopo kabla ya cherehani. Kijana mmoja akafunua kopo, akachungulia.

"Mama, unafuga mbu?"

Akainua bomba. Kufumba na kufumbua, kiganja cha jirani yangu kimeziba mdomo wa bomba, dawa inamchuruzika hadi kiwikoni.

"Hawaumi hawa. Tia kidole uone."

Kijana hakutia. Akashusha bomba, wakaenda zao. Jirani akanawa kwa sabuni mara tatu, akanusa vidole, bado vinanuka dawa, akauficha mkono nyuma.

"Shoga," akaniita, "leo walishe wewe. Usipumue."