Upande Mkavu wa Mlima

Kwa miaka ishirini na mbili Mwalimu alifundisha jiografia, na somo la tabianchi lilikuwa limemkaa kichwani hadi lingemtoka usingizini. Ubaoni alichora dunia, akaonyesha ikweta inayopata mvua karibu kila mwezi, majangwa yasiyojua wingu, na nchi za ncha za dunia ambako jua hufika likiwa limechoka. Kisha alichora mlima wa kwao. Upepo wa baharini unaupanda, unapoa, unamwaga maji yote upande mmoja. Ukishavuka, unashuka mkavu. Upande huo huitwa kivuli cha mvua.

Mdogo wake, fundi seremala, alipata shamba huko huko kwenye kivuli cha mvua. Miaka mitatu mfululizo mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zikafika kiunoni. Alimwendea dada yake kumuaga, anahamia huko na mkewe na watoto. Mwalimu akamweleza kwamba miaka mitatu si kitu, tabianchi hupimwa kwa miaka thelathini. Mdogo wake akacheka.

"Dada, huo mlima haujasoma vitabu vyako."

Mwalimu naye akacheka. Ndio kwanza walikuwa wamepatana baada ya kununiana muda mrefu, hakutaka kuchokoza tena. Akamtakia safari njema.

Mwaka wa nne mvua haikunyesha. Wa tano vilevile. Ng'ombe wakaisha, kisima kikabaki tope, na watu wakanywa tope hilo. Habari zilipomfikia Mwalimu, kitinda mimba wa mdogo wake, binti wa miaka minne, alikuwa ameshazikwa.

Alidandia lori la mbao. Upande wa huku alivaa sweta, turubai likichuruzika ukungu. Walipovuka kilele mawingu yakakatika ghafla, na chini ikatandaa nchi nyekundu isiyo na jani. Ilikuwa vilevile alivyoichora kwa chaki.

Mdogo wake hakulia. Alimpeleka kaburini, wakasimama.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia kama unafundisha darasa. Ungenishika mkono, dada."

Mwalimu alirudi na wifi yake na watoto wawili waliobaki. Mdogo wake alikataa kumwacha binti yake peke yake; akabaki anachimba kisima kingine.

Muhula uliofuata Mwalimu aliomba somo jingine, akapewa historia. Wifi yake hula naye meza moja, ila hamwiti tena wifi. Humwita Mwalimu.