Chumvi Imezidi

Pale kantini ya kiwanda walimwita Mama Sufuria. Mchuzi wake ulikuwa na sifa; wafanyakazi walikomba sahani, wakamtania kwamba mumewe, seremala, analishwa chakula chao.

Alipoondolewa titi na kuanza dawa za saratani, alijikaza. Alitapika mpaka nyongo, na nywele zilipopukutika akafunga kitambaa, akarudi jikoni. Lakini baada ya dripu ya pili, ulimi ulimsaliti. Kila alichoonja kilikuwa kama msumari wenye kutu. Hakumwambia mtu. Akawa anapika kwa mazoea ya mkono.

Mchana mmoja sahani zilirudi dirishani zimejaa. Hakuna aliyelalamika, waliziweka na kuondoka, macho chini. Msimamizi akamwita kando.

"Dada, nenda ukapumzike kwanza. Ukipona tutazungumza."

Nyumbani alimkuta mumewe anakula kiporo cha jana.

"Hicho chakula kikoje?"

"Kizuri."

"Nitazame usoni, baba watoto."

Seremala akaweka kijiko chini. "Chumvi imezidi kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu dripu ya pili."

"Na ukawa unakula tu?"

"Ningesema nini, mke wangu? Ulikuwa unashikilia ukuta ili unipikie."

Alisema kwa mapenzi, lakini maneno yale yalimchoma mkewe kuliko sindano.

"Kumbe hata wewe unanionea huruma! Nilidhani humu ndani bado mimi ni mimi."

Akajifungia chumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kwa muda mrefu hakugusa mwiko. Mumewe alipika wali uliokuwa uji juu, mkaa chini. Siku moja harufu ya kuungua ilimtoa mama kitandani. Akavuta stuli, akaketi mbele ya jiko.

"Lete mwiko. Mimi napika, wewe unaonja. Na ole wako unidanganye!"

"Haijakolea," alisema seremala, akilamba kiganja. "Ongeza. Basi, basi! Unataka kuniua?"

Walicheka wote wawili, kisha mama akageukia ukutani, akapangusa macho.

Dawa ziliisha. Nywele ziliota, ladha ilirudi nusunusu tu. Kantini ilikuwa na mpishi mwingine, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuosha vyombo. Akaichukua.

Jioni ya siku ya kwanza mumewe alimuuliza, "Kazi ilikuwaje?"

"Kazi ni kazi," akajibu. Akamwomba amvue viatu, maana vidole vyake vilikuwa bado na ganzi ya zile dawa, na kamba hakuzisikia.