Kompyuta Kuukuu ya Mwalimu Haonga

Siku yangu ya kwanza kwenye kompyuta niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa mpiga chapa wa chama kimoja cha ushirika wa kahawa pale Vwawa, na asubuhi hiyo Meneja aliniita chumba cha mwisho, kile ambacho sisi wengine tulikuwa tukikipita tu. Ndani palikuwa na zulia, pazia zito, na juu ya meza kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cha kufuma, kama tulivyokuwa tukifunika redio sebuleni. Meneja alikifunua kwa vidole viwili.

"Hii ni kompyuta," alisema. "Adui yake wa kwanza ni vumbi. Wa pili ni wewe. Usiguse usichotumwa."

Niligusa nilichotumwa, na taratibu nikatumwa zaidi. Fundi aliyekuja kutoka Mbeya mjini kuihudumia hakupenda kuulizwa maswali, kwa hiyo nilijifunza kwa kumtazama mikono. Nikajua diski kuu ni ghala ambamo kila kitu hukaa hata umeme ukikatika, na kwamba mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoziamuru nyingine zote. Nikajua pia kibetri cha duara kama kifungo cha koti ndicho kinachoikumbusha mashine tarehe. Kikiisha, kila ukiwasha inadhani iko miaka ya nyuma.

Kisha wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia wilaya yetu ya Mbozi, soko likawa huria, na ushirika wetu ukafa kifo cha polepole. Waliobeba kompyuta kuipakia kwenye pikapu hawakuvua viatu. Meneja alisimama barazani akiwatazama.

Nikahamia Tunduma, kwa wakala mmoja wa forodha, wale wanaomshughulikia mwenye mzigo nyaraka za kuvuka mpaka. Mvua ya malori, vumbi la malori, kelele za wabadilisha fedha wakiitana kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kilichokatwakatwa. Nilikuwa mwendeshaji wa kompyuta, na kwa kuwa hapakuwa na fundi, nikawa fundi. Mkuu wa Ofisi alikuwa mtu mwepesi wa uamuzi. Siku moja nilimkuta amewauzia wafanyabiashara mashine zetu za zamani, nazo ndani zina nakala za hati za kusafiria za wateja.

"Mkuu, naomba nizisafishe diski kwanza," nilimwambia.

"Nimeshafuta. Nimebonyeza mwenyewe, vimeondoka."

Nilimweleza kuwa kufuta faili ni kama kung'oa kibao cha mlangoni. Jina limeondoka, lakini mwenye nyumba bado amelala ndani, mpaka atokee mpangaji mwingine wa kukaa mahali pake. Ili diski iwe safi kweli, ni lazima uandike juu yake upya kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza huku akivaa koti.

"Mama Tumaini," alisema, "hizo ni mashine kuukuu. Nani ana muda wa kumsoma mtu?"

Mashine zikavuka mpaka na mambo ya watu tumboni.

Ilipofika miaka ya elfu mbili, kompyuta za mtumba zilikuwa zinateremshwa Tunduma kama viatu. Walimu, wachungaji na wauguzi wakaanza kuzinunua na kuziweka nyumbani, na mwisho wa wiki nilikuwa naitwa Itaka, Iyula, popote umeme ulipofika. Nawaeleza vijana namna tulivyokuwa tukifanya, kwa sababu mashine iliyozeeka haihitaji uchawi. Nilifungua kasha nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, maana feni ikiziba mashine hupata joto, na ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Nilichomoa RAM, kile kibanzi ambacho mashine hutumia kushikia kazi iliyo mkononi, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Nilizizima programu zinazojiamsha pamoja na mashine na kukaa zikila nguvu bila kutumwa. Mara nyingi hayo yalitosha. Mtu aliyekuwa anawasha kompyuta kisha anakwenda kuteka maji akisubiri ifunguke, sasa alikuta imefunguka kabla hajakaa.

Ugumu ulikuwa kwenye ulinzi. Nilikuwa nawaomba watu mambo ambayo si ya fundi, ni ya tabia. Usichomeke flashi ya mtu usiyemjua, hata akiwa shemeji yako. Weka nakala ya pili ya kazi yako mahali pengine, nje ya mashine. Kompyuta isiyo na sababu ya kuingia mtandaoni, isiingie. Walinikubalia wote. Nikirudi, nakuta virusi vimezaliana kama kunguni.

Aliyenisikia alikuwa Mwalimu Haonga wa Iyula. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, mzee mkimya mwenye shamba la mibuni nyuma ya nyumba. Kazi aliyojipa uzeeni ilikuwa kukusanya maneno ya Kinyiha ambayo wajukuu hawakuyajua tena. Aliandika kila neno na maana yake, na kwa kinasa sauti kidogo kilichounganishwa na kompyuta alimrekodi mkewe, Mama Neema, akilitamka na kulitolea mfano. Mama Neema alizaliwa kwa watu waliokisema Kinyiha cha zamani. Mwalimu alipenda kusema yeye ni karani tu, kamusi yenyewe iko jikoni inapika.

Siku moja alinipigia simu niende. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, mikono magotini.

"Nilimuuliza neno la msiba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Akasema, 'Siwezi kukueleza neno hili bila kukueleza liliponikuta.' Akaeleza. Nimeishi naye umri wote huu, Mama Tumaini, na nilikuwa silijui hilo."

Mama Neema alikuwa ameolewa akiwa msichana mdogo, kwa nguvu, na mwanamume wa mbali kabla ya Mwalimu. Alitoroka akamwacha mtoto mchanga, na mtoto akafa. Yote hayo aliyasema mbele ya kinasa sauti, akilia.

"Tuifute?" nilimuuliza.

Mama Neema mwenyewe alijibu kutoka mlangoni, akijifuta mikono kwa kanga. "Usifute. Nikifa, Neema asikilize. Yeye peke yake. Ezekia ni mwanamume, hatanielewa."

Neema na Ezekia walikuwa watoto wao, wote wawili wakiishi Tunduma. Neema alikuwa fundi cherehani, Ezekia akifanya shughuli za mpakani. Nikaweka neno la siri la kuingilia kwenye mashine, lakini niliwaambia wazi: kufuli hili linamzuia mgeni wa nyumbani. Mtu akiichomoa diski akaipachika kwenye mashine nyingine, anapita dirishani. Nikawashauri tuzihamishie rekodi kwenye CD, Mama Neema aifungie sandukuni pamoja na vitenge vyake, humu kompyutani zisibaki. Mama alikubali. Mwalimu akasema tusubiri wamalize maneno yaliyobaki, ili tuzihamishe zote kwa pamoja. Alikuwa mtu wa kupenda kumaliza.

Hawakumaliza. Mama Neema aliugua kifua, na kabla ya masika kwisha tulimzika kando ya mibuni.

Baada ya mazishi nilimkumbusha Mwalimu kuhusu ile CD. "Bado," alisema. Alikuwa anaiwasha mashine kila jioni, anachagua neno moja, anamsikiliza mkewe akilitamka, kisha anazima. Neema naye hakutaka kusikia chochote mapema. "Nikisikia sauti yake nitakuwa nimekubali amekufa," aliniambia.

Wakati huo wilaya ya Momba ilikuwa changa na makao yake yakawekwa Chitete. Nilikuwa nimeshapata ajira ya umma, nikapangwa huko. Mvua zikishika, barabara ile ilikuwa tope hadi kwenye mhimili, na gari likizama mnalala mlipozamia. Msimu huo nilikaa bila kufika Iyula. Simu ya Mwalimu ilinifikia: mashine imekuwa nzito, sauti zinakatika katikati.

"Mwalimu, usiiguse," nilimwambia. "Barabara ikikauka nakuja. Asiiguse mtu mwingine yeyote."

Ezekia alikwenda kumsalimia baba yake mwisho wa wiki hiyo. Ninaamini alikuwa na nia njema, na ndiyo sababu nashindwa hata leo kumchukia. Alimkuta mzee anahangaika na mashine, akaibeba kwenda nayo Tunduma, kwenye kibanda kimoja cha kutengeneza simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Mwalimu alimwambia ingojee. Ezekia akamjibu, "Baba, Chitete ni mbali. Huyu jamaa ataifanya iende kama mpya."

Na kweli ilikwenda kama mpya. Fundi wa kibanda aliipiga formati, yaani aliifagia diski nzima na kupanda mfumo endeshi upya. Kabla ya hapo alikuwa ameichomoa diski na kuvihamishia vilivyomo kwenye mashine yake, ili amrudishie mteja. Aliporudisha alirudisha picha na nyaraka za maandishi. Za sauti alisema hakuziona. Mwalimu aliiwasha, ikafunguka mara moja. Akatafuta neno la kusikiliza, halipo. Akatafuta jingine. Aliniambia baadaye kwamba alikaa akibonyeza neno baada ya neno, kisha akamwita mkewe kwa jina, kwa sauti, nyumba nzima, kama mtu aliyepotewa na mtu sokoni.

Barabara ilipopitika nilikwenda na zana zangu zote. Nilijaribu kuokoa kilichofutwa, lakini Mwalimu kwa kuhangaika alikuwa ameijaza diski picha na filamu alizoletewa na Ezekia za kumliwaza. Wapangaji wapya walikuwa wameshaingia. Nilimwambia ukweli. Akaniletea chai, wala hakunilaumu, jambo lililonitesa kuliko lawama.

Neema ndiye aliyempata mama yake. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake pale Tunduma, na nje ya duka vijana wa bodaboda walikuwa wanangoja abiria. Mmoja akafungua simu, wengine wakainama wakicheka. Neema akasikia Kinyiha, akasikia kilio. Alijua kabla hajajua. Alitoka na sindano bado mdomoni.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Aa, dada, hii iko kila mahali. Inaitwa Bibi Analia. Ukiingiziwa nyimbo kule kibandani unapewa ya bure."

Wasioijua lugha walikuwa wakicheka namna anavyovuta kamasi. Walioijua walikuwa wakiwatafsiria wenzao.

Tulikwenda kibandani, mimi, Neema na Ezekia. Yule fundi alikuwa ameshahama na mashine yake, jirani akasema pengine amevuka upande wa pili. Hatukumpata, na hata tungempata sijui tungemwambia nini. Sauti ilikuwa imeshapita kutoka simu hadi simu. Ezekia aliketi kwenye kizingiti cha kibanda akajishika kichwa. "Mama alisema nisisikilize," alisema, "sasa nimesikilizwa na dunia nzima." Maneno yake hayakukaa sawa, lakini nilimwelewa.

Neema alipita kwa wenye simu, mmoja mmoja, akiomba maneno mengine: ya kupanda, ya mvua, ya kumwita mtoto. Hakuna aliyekuwa nayo. Waliokuwa wakisambaza walichagua kilio peke yake.

Tulipompelekea Mwalimu habari, Neema aliweka simu mezani. Mzee alisikiliza yote hadi mwisho, amefumba macho. Kisha akanigeukia.

"Unaweza kuifuta?"

"Hapa naweza, Mwalimu. Kwenye simu za watu siwezi. Hakuna anayeweza."

Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya mibuni.

"Basi iache," alisema. "Kama wasiomjua wanayo, na mimi niwe nayo."

Hakuandika neno jingine la Kinyiha. Maandishi yaliyorudishwa aliyaacha humo humo kwenye mashine. Alisema neno bila mtu wa kulitamka ni makombo. Alifariki kabla sijastaafu. Neema alihama Tunduma, na yeye na Ezekia hawasemezani.

Nilistaafu nikiwa Chitete. Kwenye hafla ya kuniaga, Mkuu wa Idara alisimama akasema, "Mama huyu ametulindia mashine zetu," na watu wakapiga makofi. Nilipokea kitenge na jembe, nikashukuru. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mashine ndiyo rahisi kuilinda. Feni unaisafisha, RAM unaiongeza. Hata mtengenezaji wa mfumo endeshi akitangaza kwamba hatatoa tena viraka vya kuziba matundu, bado unaweza kuiondoa mtandaoni ukaendelea nayo. Mtu humlindi. Atakayekudhuru anaingia kwa mlango wa mbele, amebebwa na anayekupenda, kwa sababu umesema kompyuta inakwenda polepole.

Vijana wananiuliza siku hizi wafanyeje ili kompyuta ya zamani iwe na kasi, iwe salama, iwe na siri. Kasi nawafundisha. Usalama nawafundisha kiasi. Kwenye siri ninanyamaza.

Nilipofika nyumbani na mizigo yangu ya kustaafu, niliitoa diski kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Ndani yake zilikuwamo picha zote za marehemu mume wangu, na barua nilizomwandikia akiwa hospitali. Niliiweka juu ya jiwe la kusagia nikaipiga nyundo mpaka visahani vya kioo vilivyo ndani yake vikawa unga. Wajukuu wakija huniuliza, "Bibi, babu alifananaje?" Nawaambia alikuwa mrefu, mweusi, na alicheka akiinamisha kichwa. Wananitazama wakingoja niwaonyeshe. Sina cha kuwaonyesha, na uso wake nao, siku hizi, umeanza kunipotea.