Dari la Gari la Mdogo Wangu

Mama alianza kulikwepa gari langu mwaka ule wa jua kali, na sababu aliitaja bila kuzunguka: "Lako linanipika."

Alikuwa akiishi nami Kasese, na kila Jumamosi alikwenda Bwera kuwaona wajukuu na kusali nao kesho yake. Mimi nilikuwa na gari kuukuu aina ya hadtopu, lenye paa la bati tupu, nililolinunua baada ya kufiwa na mume wangu ili nilete vitenge na vitunguu kutoka soko la Mpondwe, mpakani na Kongo. Mdogo wangu, anayekaa Bwera, alikuwa na gari la aina hiyohiyo. Ila mumewe, askari mwenye mikono isiyotulia, alikuwa amelitengenezea dari: sponji yenye upande wa kung'aa, na juu yake kitambaa cha rangi ya maziwa. Mama alilipanda mara moja tu, tangu hapo langu likamshinda. Ijumaa ananiuliza, "Mdogo wako anakuja mjini kesho?" Nami najibu sijui, hata kama nimeongea naye asubuhi ileile.

Siku moja nikiwa kwao nilijifanya natafuta mwavuli, nikaingia ndani ya gari lake. Ilikuwa saa saba mchana. Niliweka kiganja darini nikakuta ubaridi, kama ukuta wa nyumba ya udongo. Langu, saa ile, nisingethubutu kuligusa. Nilikaa pale kidogo, roho inaniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na mtu wa kumfanyia hivyo bila kuombwa.

Mumewe aliniona nikitoka. "Shemeji, lete na lako. Siku moja tu, nalimaliza."

"Langu halina joto," nilijibu, jasho likinitiririka.

Juma lililofuata nilinunua sponji kama ile Mpondwe, kwa mchuuzi Mkongo aliyekuwa akiwauzia wauza samaki waitandike ndani ya masanduku yao. "Mama, hii iko muzuri sana," aliniambia akiipigapiga. "Jua hapana pita." Nyumbani nilikata maboksi, nikayapima kwenye paa kipande kwa kipande, nikayafuatisha kuchora na kukata sponji. Nilisugua kutu, nikapaka gundi ya mbao iliyokuwa imebaki stoo, nikabandika, nikafunika yote kwa kitenge cha buluu. Nikawaita majirani waje kuona.

Jumamosi Mama alikubali kupanda. Tulipopita Kikorongo, jua likiwa utosini, nilisikia mlio kama wa nguo inayochanika, na dari zima likatuangukia. Sikuiona barabara. Nilikanyaga breki kwa kubahatisha, gari likasimama kwenye nyasi. Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha, bado amefunikwa gubigubi, akatoa simu akampigia mdogo wangu. "Njoo utuchukue. Dada yako amenivisha gari."

Nilimwambia hakuna wa kutuchukua. Nikang'oa kila kitu, nikakitupa nyuma, tukafika Bwera tukiwa na vipande vya sponji kichwani. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Cheka," nikamwambia. "Wewe una mume wa kukutengenezea kila kitu."

Kicheko kikamkatika. "Na wewe unaye Mama. Sisi tunapewa Jumamosi na Jumapili. Unajua wanangu wananiuliza kwa nini hakai kwetu?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Ningependa kusema nilimwonea huruma, lakini kilichonijia kwanza ni furaha: kumbe nami nilikuwa na kitu alichokitamani. Huruma ilikuja baadaye, tena kidogo.

Mchana ule mumewe alinielekeza, ila kazi niliifanya kwa mikono yangu. Sikumruhusu ashike hata brashi. "Gundi ya mafundi viatu, shemeji. Paka bati, paka na sponji. Ngoja mpaka kidole kisinate. Anzia katikati." Kisha akaanza kuniamrisha kama kuruta: "Haya, sukuma! Pembeni! Usilegeze!" Akanikatia fito nyembamba za plaiwudi, nikazipinda kufuata paa zishikilie kitambaa. Jioni shingo ilikuwa imekakamaa, lakini dari lilikaa. Limekaa mpaka leo, na Mama siku hizi husinzia kabla hatujatoka Kasese mjini.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu aliingia ndani ya gari langu, akatembeza mkono juu, polepole, kutoka nyuma mpaka mbele.

"Pana mkunjo hapa," akasema, akiubonyeza kwa kidole.

Ni kweli upo, juu ya kiti cha dereva. Nilimwambia Mama achukue kikapu chake tuondoke, ingawa chai ilikuwa bado jikoni na wajukuu walikuwa wamemkalia miguuni.